Mama Shanga na Ndege ya Moshi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje asikilize. Leo nina habari nzito na sitaizungusha. Mama Shanga ametutoka. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Shanga, yule mama wa ndege ya mvua, amefariki dunia Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kusumbuliwa na mapafu kwa muda mrefu. Atazikwa kesho.

Tangu juzi simu ya studio haijapoa. Wengine mmepiga mkilia. Wengine, nasema kama ilivyo, mmepiga kuniuliza kwa nini redio inampa muda mwanamke aliyemuua mdogo wake kwa mvua. Neno hilo limetembea kwenye malisho yetu miaka mingi, na kila lilipolala lilinenepa. Leo tutalikalisha chini, tulitazame usoni. Kwa hiyo msizime redio. Aliyekuja kumlilia akae, na aliyekuja kumlaumu akae vilevile.

Tuanze nyumbani kwao. Alizaliwa kwenye familia ya wafugaji. Watoto walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu sote tulimjua kwa jina la Mluzi, maana ng'ombe wake aliwaita kwa mluzi. Alijaribu kumwita na mkewe hivyo hivyo, mara moja tu. Wazee wanaokumbuka jibu la mkewe mpaka leo wanashika mbavu.

Mwaka wa ukame mkubwa, Mama Shanga alikuwa msichana wa shule. Binti yake amenisimulia alivyosikia kwa mama yake. Anasema: "Asubuhi walikuwa wanaamka kwenda kuwainua ng'ombe. Mama anashika mkia, mjomba anashika pembe, babu anasukuma ubavuni. Ng'ombe akisimama, ameishi siku hiyo. Asiposimama, wanamwacha, wanakwenda kwa mwingine."

Hebu fikirini watoto wanaoanza siku yao hivyo, kabla ya chai. Na kilichomuudhi zaidi yule msichana ni kwamba mawingu yalikuwapo. Yalipita juu yao, mazito, meusi, yakaenda zake. Siku moja akiwa ameshika mkia aliyatazama, akasema, "Ipo siku nitayakamua haya." Mluzi alicheka mpaka akaachia pembe, ng'ombe akaanguka tena. Baba yao hakucheka. Aliwaambia waanze upya.

Ukame ulipoisha, zizi lilikuwa na nafasi kubwa. Baba akasema mmoja aendelee na shule na mmoja abaki na ng'ombe waliosalia. Mluzi alijitolea kubaki. Mbele za watu alisema darasani kunamtia usingizi. Binti anasema mama yake hakuwahi kuamini maneno hayo. Alijua mdogo wake amempisha njia. Lishikeni hilo, wasikilizaji, kwa sababu ndilo lililomkaa moyoni maisha yake yote: mdogo wake alimpisha njia.

Akasoma. Akasoma kemia mpaka chuo, akarudi na kazi ya serikali. Kitengo cha utafiti wa mvua za malisho. Jengo lake mnalijua, lile refu la bati la kijani pembeni mwa uwanja mdogo wa ndege, lenye feni zinazolia kama mgonjwa wa pumu. Ukutani wamebandika picha za mawingu, kila wingu na jina lake, kama picha za wanafunzi waliohitimu.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Nitaueleza polepole. Ndege ndogo iliruka ikiwa na mirija chini ya mabawa, kila mrija unene wa gunzi la hindi. Rubani akifika kwenye wingu anaiwasha. Mirija inatoa moshi, na ndani ya moshi kuna dawa ya kulishawishi wingu litoe mvua. Serikali ilitaka kujua kama dawa hiyo inafanya kazi kweli. Sasa utajuaje? Mawingu mengine yananyesha yenyewe, hayahitaji kubembelezwa na mtu. Kwa hiyo walipanga kwamba siku nyingine ndege ibebe dawa, na siku nyingine ibebe mirija ya moshi mtupu. Moshi ule ule, rangi ile ile, dawa hamna. Mwisho wa miaka walinganishe.

Na nani anaamua leo ni siku gani? Hapo ndipo jina la Mama Shanga lilipotoka. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye shanga za bluu na shanga nyeupe, idadi sawa. Asubuhi anaingia stoo peke yake, anafunga mlango, anatia mkono mfukoni bila kutazama. Bluu ni dawa. Nyeupe ni moshi mtupu. Anachukua mirija ya siku hiyo, anaifunga kwenye ndege kwa mikono yake mwenyewe, anaandika rangi ya siku hiyo kwenye daftari analolifungia, anarudisha shanga mfukoni. Hamwambii mtu. Rubani hajui. Wapima mvua hawajui. Hata mkuu wa utafiti, ambaye wote walimwita Daktari, hajui. Narudia: mtu mmoja tu ndiye aliyejua siku ya dawa na siku ya moshi mtupu. Ni yeye.

Rubani wake bado yupo. Magoti yamechoka lakini mdomo uko kazini. Ameniambia: "Mimi nilikuwa dereva wa moshi. Nikimuuliza, Mama Shanga, leo nimebeba nini, ananijibu, umebeba tumbo lako. Nilimtania, nilimnunia, nilimletea ndizi. Wapi! Yule mama alikuwa kimya kama maji ya mtungini."

Daktari alikuwa na sababu zake, na sababu zilikuwa nzuri. Aliwaambia wenzake: "Rubani akijua amebeba dawa, atalizunguka wingu kwa bidii zaidi. Mpimaji akijua, ataita manyunyu mvua. Tutaona tunachotaka kuona." Ni kweli kabisa. Aliwafikiria rubani na mpimaji. Waliokuwa chini, wanaotazama juu, hawakuingia kwenye hesabu yake.

Maana wafugaji waliambiwa nini? Waliambiwa serikali inafanya utafiti. Neno utafiti mnalijua, linaingia sikio hili linatokea lile. Walichokiona ni ndege. Wakaona moshi. Na mara nyingine wakaona mvua. Basi, wakajifunza. Ndege ikielekea mashariki, kengele za ng'ombe zinaelekea mashariki. Ikigeuka, na wao wanageuka. Malisho ya juu, yale ya mgongo wa vilima ambayo siku zote yalitunzwa kwa siku mbaya, yakaachwa. Nani apande vilima wakati mvua inaletwa kwa ndege? Chini ya njia ya ndege nyasi zililiwa mpaka mizizi. Ukipita pale mchana unaona vumbi limesimama wima, na ng'ombe wengi wamesimama ndani yake, wakingoja. Mimi nilipita. Sikupapenda. Ng'ombe hawakuwa wanakula, na watu wote walikuwa wameinua shingo.

Mluzi alikuwa mmoja wao. Naye alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana, namba ya simu ya dada yake.

Akawa anapiga. "Dada, leo imebeba?" Dada anajibu, "Mambo ya ndege muulize rubani." "Dada, unanificha mimi?" "Nakuficha nini? Wanao wameshakula?" Ndiyo mazungumzo yao. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Baadaye kicheko kikapungua. Binti anasema mama yake alianza kuacha chakula kwenye sahani. Alikuwa akisikia simu inaita anashtuka kama mdeni.

Alikwenda kwa Daktari. Akamwambia watu wanaifuata ndege, wanahama nayo, na siku nyingi wanafuata moshi mtupu. Akaomba wafugaji waambiwe walau kwamba zipo siku ndege haina kitu. Daktari alifikiri, kisha akasema: "Tukiwaambia hivyo, kesho watataka kujua ni siku zipi. Na wewe una ndugu huko." Hakumtisha. Alimkumbusha tu. Mama Shanga akarudi stoo. Aliamini kwamba dawa ile ikithibitika, hakuna mtoto atakayeshika tena mkia wa ng'ombe asubuhi. Kwa hilo alikuwa tayari kufunga mdomo.

Sasa tunafika kwenye siku yenyewe. Ninayosema hapa aliyasema yeye mwenyewe hadharani baadaye, kwa hiyo mtu asiniambie nimetia chumvi.

Msimu wa mvua ulikuwa unaanza. Asubuhi, joto tayari limekaa, hewa haitikisiki. Mama Shanga aliingia stoo akatia mkono mfukoni. Ikatoka nyeupe. Moshi mtupu. Shanga bado iko mkononi, simu ikaita. Mluzi.

"Dada, ndege inakuja kwetu leo?"

Njia ya ndege haikuwa siri, ilitangazwa. Akajibu, "Inakuja."

"Basi nawashusha ng'ombe korongoni." Korongo alilolisema ni ule mto mkavu, wenye mchanga mweupe na kuta ndefu pande zote mbili. "Mvua ikigusa tu, majani ya kwanza yanaota pale. Wenzangu wakiniwahi tutabaki kutafuna mawe."

Dada aliitazama ile shanga nyeupe mkononi.

"Dada?"

"Nipo."

"Nishuke, nisishuke? Niambie basi, mimi si mtu baki."

Wasikilizaji wapendwa, neno lilikuwa moja. Usishuke. Hata sababu hakuhitaji kuitoa. Na Mluzi angetii, maana hakuwahi kumbishia dada yake. Lakini angesema hivyo, Mluzi angejua leo hakuna kitu. Na Mluzi akijua, korongo zima linajua. Mama Shanga alipiga moyo konde, akajibu: "Fanya unavyoona wewe."

Mluzi akashuka.

Adhuhuri ndege ilifika. Rubani anakumbuka. Anasema: "Nilizunguka nikawasha mirija. Chini niliona ng'ombe wamejaa kwenye mchanga, na mtu mmoja amevua kofia ananipungia. Nilijua ni Mluzi. Nikamtikisia mabawa, kisha nikarudi." Alipofika hapo rubani aliniomba nizime kinasa sauti. Nikazima.

Pale korongoni jua lilikuwa linawaka. Tone halikuanguka. Mvua ilikuwa mbali, kwenye vilima vya juu, ambako ndege haikwenda wala haikukaribia. Huko wingu lilijikusanya lenyewe, likamwaga lenyewe. Waliokuwa kingoni wanasema walianza kuona ng'ombe wanapandisha vichwa. Kisha ndege wa angani wakaondoka wote kwa pamoja. Kisha wakasikia ngurumo iliyotoka ardhini. Wakapiga kelele, wakamwita kwa jina lake. Mluzi alikuwa katikati ya mchanga, mifugo imemzunguka, na kuta ni ndefu. Maji yalikuja kahawia, yamebeba miti. Alionekana akimsukuma ndama kuelekea ukutani. Baada ya hapo hakuonekana.

Walimpata kesho yake, chini ya daraja la barabara kuu.

Msibani hakuna aliyehitaji kuambiwa nani amefanya nini. Watu waliiona ndege, wakauona moshi, wakayaona maji. Mke wa Mluzi alimkuta wifi yake mlangoni, akamwambia mbele ya watu wote: "Mvua yenu imeninyang'anya mume. Usiingie." Mama Shanga hakuingia. Alikaa nje juani, kwenye jiwe, mpaka mazishi yalipokwisha. Na kichwani alikuwa na maneno ambayo yangemwokoa: ndege ilikuwa tupu. Hatukuleta sisi maji yale. Hakuyasema.

Alikwenda tena kwa Daktari, akaomba amwambie wifi yake peke yake. Daktari alimwambia: "Wifi yako ana majirani. Lakini hili sikuamulii. Ukisema, sitakufukuza. Utafiti utakuwa umeisha, basi." Mama Shanga aliamua kunyamaza. Binti yake anasema: "Nilimuuliza kwa nini, mama, wakati ndugu zetu wote wa ukoo wanakutemea mate. Akaniambia, mjomba wako ameshalipia huu utafiti. Nikiuvunja sasa, atakuwa amekufa bure." Alinyamaza miaka. Aliitwa muuaji sokoni, akanunua nyanya zake akaenda. Na kila asubuhi ya kuruka aliendelea kutia mkono mfukoni.

Utafiti ukafika mwisho. Watu wakaitwa kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, turubai likafungwa, wakubwa wakaletewa viti vyenye vitambaa. Daktari alisimama akasoma matokeo. Siku za dawa na siku za moshi mtupu, mvua haikuonyesha tofauti. Hakusema dawa haifai. Alisema hawakuweza kuiona kazi yake. Alisema kwa uaminifu. Wafugaji walikuwa wanatazamana. Mmoja akauliza, "Siku za moshi mtupu? Zipi hizo?"

Ndipo Mama Shanga aliposimama. Hakupanda jukwaani. Alisimama palepale kati ya watu, akaitaja siku aliyokufa mdogo wake, akasema ilikuwa siku ya moshi mtupu. Akasema na habari ya simu. Yote, neno kwa neno, mpaka "fanya unavyoona wewe". Alidhani, nadhani mimi, kwamba ukweli ungempa wifi yake nafuu kidogo.

Mjane aliinuka mbele kabisa. Akasema: "Wifi, bora ungeniacha niamini mmemuua kwa mvua. Ningesema mume wangu alikufa kwenye jambo kubwa. Sasa unaniambia alikufa akiufuata moshi. Na wewe ulijua. Na alikuuliza."

Akaondoka. Mama Shanga alibaki amesimama mpaka watu wakaanza kukunja turubai.

Wasikilizaji, mngedhani ndege zilikoma. Hapana. Wakubwa walisema matokeo yanatia moyo, sijui moyo wa nani. Siku hizi ndege zipo mbili, kubwa zaidi, na zinabeba dawa kila zinaporuka. Mfuko wa shanga haupo. Kulinganisha hakupo. Daktari alistaafu kabla ya wakati wake. Mvua ikinyesha, ni ndege. Isiponyesha, ni mawingu mabaya. Mafuriko yakija, ni mapenzi ya Mungu. Na chini, kengele za ng'ombe bado zinaifuata ndege. Nyasi bado zinaliwa mpaka mizizi. Watu bado wanashuka korongoni, na msimu uliopita walikuwa wengi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka.

Na Mama Shanga? Aliacha kazi. Kila ndege iliporuka alikwenda kusimama pale njia ya ng'ombe inapoteremkia kwenye mchanga. Alitandaza mikono, akiwaambia wafugaji, "Msishuke. Jamani, msishuke." Wengine walimpita kando. Wengine walisema amechanganyikiwa. Alivuta vumbi la mifugo ile miaka yote hiyo, na daktari wa hospitali anasema ndilo lililomaliza mapafu yake. Siku moja, akiwa amesimama hivyo, mjane wa Mluzi alikuja akasimama upande wa pili wa njia. Akatandaza mikono na yeye. Siku hiyo ng'ombe walirudi juu.

Kwa binti yake, kwa watoto wa Mluzi waliopoteza baba na sasa shangazi, kwa rubani na wote waliofanya naye kazi, sisi hapa studio tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape nguvu, na yeye apumzike. Ninyi mnaonisikiliza, nawaomba usiku wa leo mjiulize jambo moja. Ni nani anayekuuliza swali ambalo jibu lake unalo, na wewe unamwambia afanye anavyoona?

Mazishi ni kesho saa nne asubuhi, nyumbani kwao, ng'ambo ya korongo. Nilimpigia mjane wa Mluzi kumuuliza kama familia ina tangazo. Akauliza ratiba ya ndege ikoje. Nikatazama, nikamwambia kesho zote mbili zinaruka upande wetu, na vilimani kumeanza kuwa kweusi. Akasema: "Basi waambie waombolezaji wazunguke kwa daraja la barabara kuu, hata kama watachelewa. Tutawangoja, hatutamzika kabla hawajafika. Wasikate njia korongoni. Nakuomba uwaambie sasa hivi, na uwaambie tena kesho asubuhi. Wasishuke."